Kimbunga kikikaribia visiwani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu upepo, mawimbi na maji

Naishi Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja. Kila kinapotangazwa kimbunga, maswali ni yale yale: kwa wavuvi, kwa mama zetu wa mwani, kwa vijana wanaofundisha wageni michezo ya baharini, na kwa ndugu walio bara wenye tiketi ya boti ya kesho. Nimeyakusanya hapa na kuyapa namba. Jambo likishaelezwa mahali, utaelekezwa huko. Taarifa rasmi ya siku ni ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA). Ukurasa huu ni wa kukusaidia kuielewa.

## Mambo ya msingi

1. Kimbunga bado kiko mamia ya kilomita, jua linawaka, upepo hakuna. Mbona bahari imeanza kuchafuka?

Kwa sababu mawimbi husafiri haraka kuliko kimbunga kilichoyazaa. Upepo wa kimbunga unapoisukuma bahari, mawimbi hutawanyika pande zote. Yale mafupi hufa njiani. Yale marefu, yenye nafasi kubwa kati ya wimbi na wimbi, huendelea mpaka yakutane na mwamba, ule ukuta wa matumbawe ulio mbele ya ufukwe wetu.

Kuna hesabu rahisi. Simama ufukweni, hesabu sekunde kati ya wimbi moja na linalofuata, kisha zidisha kwa 2.8. Jibu ni mwendo wa kundi lile la mawimbi huko kilindini, kwa kilomita kwa saa. Mawimbi ya sekunde 14 yanakwenda kama kilomita 39 kwa saa, kwa hiyo kilomita 500 huzimaliza ndani ya saa 13. Kimbunga chenyewe mara nyingi hujivuta kwa kilomita 10 hadi 20 kwa saa.

Ijumaa ya tarehe 3 Mei 2024, kimbunga Hidaya kikiwa bado mbali baharini, nilitoka msikitini nikasikia mwamba unanguruma. Ndani ya mwamba maji yalikuwa shwari, ngalawa zimelala. Kule nje mstari mweupe ulikuwa unasimama, unakaa kidogo, unaanguka, kisha kimya kirefu. Nilihesabu moja mpaka kumi na tatu kabla mstari mwingine haujasimama. Siku za kawaida za maleleji, wakati kaskazi imeisha na kusi haijashika, hufiki hata nane. Mzee mmoja aliyekuwa anaziba dau lake alinyanyua kichwa mara moja tu, akasema: "Hilo si la hapa." Alikuwa sahihi.

Ukisubiri upepo ufike juu ya paa ndipo uanze kujiandaa, bahari imeshakutangulia nusu siku.

2. Hivi kweli visiwa vyetu hupigwa na vimbunga? Tuliambiwa sisi tuko karibu mno na Ikweta.

Hupigwa, ila ni nadra. Kimbunga kinahitaji msukumo unaotokana na mzunguko wa dunia ili kizunguke, na msukumo huo hudhoofika kadiri unavyokaribia Ikweta. Chini ya nyuzi 5 za latitudo vimbunga ni vichache sana. Pemba iko kwenye nyuzi 5 hivi, Unguja 6, Mafia karibu 8, Komoro 11 hadi 12. Ndiyo maana wenzetu wa Komoro wanavijua vizuri zaidi kuliko sisi.

Lakini nadra si kamwe. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuharibu vyombo vya Sultani Barghash vilivyokuwa bandarini. Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu. Aprili 1952 ilikuwa zamu ya Lindi. Mwishoni mwa Aprili 2019 Kenneth ilipita kaskazini kidogo mwa kisiwa cha Ngazidja, Komoro, kabla ya kuingia Cabo Delgado, Msumbiji. Mei 2024 Hidaya ilifika Mafia. Na tarehe 14 Desemba 2024 Chido iliipiga Mayotte kwa upepo uliovuka kilomita 200 kwa saa.

3. Msimu wake ni lini?

Kusini Magharibi mwa Bahari ya Hindi msimu ni Novemba hadi Aprili, na mkia wake huingia Mei. Angalia tarehe za swali la 2: 1872, 1952 na Kenneth vyote Aprili, Hidaya Mei. Kwetu sisi hatari kubwa iko mwishoni mwa msimu, ndani ya masika, wakati watu wameshaanza kusema "vimbunga vimeisha". Bahari bado ina joto la kutosha (kimbunga hutaka nyuzi 26.5 hivi au zaidi) na ardhi imeshiba maji, kwa hiyo mvua kidogo tu inaleta mafuriko.

4. Mgandamizo mdogo wa hewa, dhoruba, kimbunga: tofauti ni nini?

Ni kasi ya upepo karibu na kitovu, wastani wa dakika 10. Chini ya kilomita 63 kwa saa bado ni mgandamizo mdogo wa hewa. Ukifika 63, mfumo unaitwa dhoruba na hupewa jina. Ukifika 118, ni kimbunga kamili. Ukifika 166, ni kimbunga kikali. Mapigo ya ghafla ya upepo huzidi wastani huo kwa mbali, na ndiyo yanayong'oa mabati.

5. Nani anavipa majina?

Nchi za ukanda huu hupeleka majina, yanapangwa kwa alfabeti, kisha Mauritius au Madagascar inalitoa jina kulingana na mfumo ulipo. Kituo cha hali ya hewa cha kisiwa cha Réunion ndicho kinachofuatilia vimbunga vya eneo letu lote. Jina halionyeshi ukali. Hidaya maana yake zawadi.

## Kusoma utabiri

6. TMA inaposema "upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2", maana yake kwangu ni nini?

Kwa ngalawa na mashua ndogo, maana yake ni kubaki nyumbani. Nguvu ya wimbi haiongezeki kwa kipimo kile kile cha kimo: wimbi la mita 2 lina nguvu mara nne ya wimbi la mita 1. Upepo nao ni hivyo, kasi ikizidi mara mbili, msukumo kwenye tanga unazidi mara nne.

Tena kimo kinachotajwa kwenye utabiri wa bahari kwa kawaida ni wastani wa theluthi ya mawimbi makubwa zaidi. Ndani ya mita 2 hizo lipo wimbi moja moja linalokaribia mita 4, na huwezi kujua litakuja saa ngapi. Nahodha aliyezoea bahari ya mita 2 akirudi salama mara tisa, bado hajakutana na wimbi hilo.

Angalia pia sekunde kati ya wimbi na wimbi, kama zimetajwa. Mita 2 kwa sekunde 6 ni fujo inayolowesha. Mita 2 kwa sekunde 14 chombo kikiwa kilindini hakisikii sana, lakini yakifika kwenye mwamba yanasimama na kuwa ukuta. Wimbi huanza kuvunjika linapofika kwenye kina kinachokaribia kimo chake, na mawimbi marefu hunyanyuka sana kabla ya kuanguka. Wengi wetu huumia pale mlangoni, yaani kwenye upenyo wa mwamba ambamo vyombo hupita, wakati wa kuingia, nyumba zikiwa zinaonekana.

7. Angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa zinapishanaje?

Ni ngazi tatu zinazopanda, kila moja na rangi yake. Chini ya kila moja TMA huandika mambo mawili: uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari. Watu wengi husoma rangi tu wakaacha hayo mawili. Uwezekano mdogo wenye athari kubwa unastahili maandalizi mapema kuliko uwezekano mkubwa wenye athari ndogo. Taarifa hubadilishwa, kwa hiyo ile iliyosambazwa jana kwenye kundi la WhatsApp usiifanyie kazi leo. Tazama kwanza tarehe na saa ya kutolewa.

8. Ramani inaonyesha kitapita pembeni ya kisiwa chetu. Tumepona?

Inategemea kinapita upande gani. Huku kusini mwa Ikweta kimbunga huzunguka kama mishale ya saa. Kikija kutoka mashariki kuelekea kwetu, upande wa kusini wa kitovu upepo unatoka baharini kuja nchi kavu, na mwendo wa kimbunga chenyewe unaongezeka juu yake. Upande wa kaskazini upepo unatoka bara kwenda baharini, na nguvu yake hupungua kidogo. Kwa hiyo aliye kusini mwa njia ya kitovu ndiye anayepata kibao.

Hidaya ilielekea Mafia, lakini barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi ilikatika Somanga, kusini ya hapo, na watu wa Lindi na Mtwara wakakwama kwa siku kadhaa. Ukiona kitovu kinapita kaskazini yako, jiandae zaidi.

Kuwa kaskazini mwa kitovu nako kuna lake. Upepo ukigeuka kuwa wa magharibi, bandari ambazo siku zote ni kinga, kama Kilindoni kule Mafia au Mji Mkongwe hapa Unguja, zinakuwa wazi. Vyombo vilivyotia nanga kwa raha upande huo ndivyo vinavyotupwa ufukweni.

Na ule mstari kwenye ramani ni njia ya kitovu tu. Kimbunga kina upana wa mamia ya kilomita.

9. Programu ya simu yangu inasema kesho shwari, TMA inasema tahadhari. Nimwamini nani?

TMA. Programu nyingi huchukua hesabu moja ya kompyuta na kukuonyesha bila mtu kuipitia, na kosa dogo la njia ya kitovu linatosha kugeuza siku yako. Programu zina faida ya kuangalia mwelekeo: zote zikianza kuvuta upepo upande mmoja, jambo lipo.

10. Maji kujaa na kupwa vinahusikaje? Kimbunga si upepo?

Hapa ndipo visiwa vyetu vinapotofautiana na nchi nyingi. Unguja, kati ya maji kupwa na kujaa siku za bamvu, yaani siku maji yanapojaa na kupwa sana, kuna tofauti ya karibu mita 4. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo zaidi. Kimbunga huongeza maji juu ya hayo kwa njia mbili. Kwanza, hewa ikiwa nyepesi bahari hunyanyuka: kila hektopaskali moja (kipimo cha mgandamizo wa hewa) inayopungua, sentimita moja inaongezeka. Kimbunga cha 980 wakati kawaida ni 1010 kinanyanyua bahari sentimita 30 kabla upepo haujafanya kitu. Pili, upepo unayasukuma maji kuja nchi kavu, na mawimbi yanapanda juu yake.

Kwa hiyo swali la maana ni saa ngapi kinafika, na mwezi una siku ngapi. Kwetu bamvu hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Kimbunga kikifika saa nne asubuhi siku hiyo, maji yamepwa, una nafasi. Kikifika saa kumi, mwamba umezama na haukukingi tena: mawimbi yanapita juu yake mpaka kwenye minazi.

Hidaya ilipofika tarehe 4 Mei, mwezi ulikuwa wa siku ya 25 na maji mafu ndiyo kwanza yanatoka. Mwezi ulikuja kuandama siku nne baadaye. Ingekuja siku hizo, nyumba kadhaa za ufukweni hapa zingelala ndani ya maji, na naamini hivyo kwa sababu nimeona bamvu tupu lenye upepo wa kusi linavyokula ukuta.

## Ufukweni na baharini

11. Kuna dalili ninazoweza kuziona mwenyewe?

Mawimbi ya swali la 1 ndiyo ya mwanzo. Kisha mawingu membamba ya juu yanayotanda kama nyuzi kutoka upande mmoja wa anga, halafu vipindi vya mvua na upepo vinavyokuja na kuacha, kila kimoja kikali kuliko kilichotangulia. Upepo ukishashika, ugeuzie mgongo: kitovu kiko mkono wako wa kulia, mbele kidogo. Rudia baada ya saa mbili. Upepo ukiendelea kutoka upande ule ule huku ukizidi nguvu, kitovu kinakujia wewe.

Dalili hizi ni za kuongezea kwenye taarifa, na radio ya betri bado inahitajika umeme ukikatika.

12. Nina tiketi ya boti ya Dar es Salaam kwenda Unguja. Itaondoka?

Hidaya ilipokaribia, safari zilisitishwa, na ndivyo itakavyokuwa tena. Usiende bandarini kubahatisha, piga simu kwanza. Na mnaovuka kutoka Nyamisati, bara, kwenda Kilindoni jiongezeeni siku mbili. Mkondo ule hupokea maji ya Rufiji, na Rufiji ikifurika huleta magogo yanayoelea nusu yamezama. Boti ndogo ikilikumba gogo moja kwa kasi, imetoboka.

Ukiona chombo kinapakia watu wakati vingine vimezuiwa, usipande. Harusi itasubiri, na maiti atazikwa na waliopo. Ni maneno mazito kuyasema, lakini nimeshawahi kusimama ufukweni nikisubiri chombo ambacho hakikufika.

13. Ngalawa yangu na mashua niziweke wapi?

Ngalawa ipandishwe juu ya alama ya bamvu, ile mistari ya takataka kavu na majani, kisha hatua ishirini zaidi. Shusha tanga, foromali na mlingoti, fungua mashine uipeleke nyumbani. Ifunge kwenye mnazi kwa shina, na uangalie juu yake hakuna nazi kavu.

Mashua isiyopandishika ipelekwe kwenye hori lenye mikoko. Mikoko huua mawimbi kuliko ukuta wowote tuliojenga. Ifunge pande mbili au tatu kwenye mizizi, kamba ziwe ndefu za kupanda na maji, na pale zinaposuguana na ubao zifunge gunia. Ukilazimika kutia nanga, toa kamba ndefu, angalau mara saba ya kina. Nanga nzito yenye kamba fupi hung'oka.

Fanya haya siku moja kabla, maji yakiwa yamejaa mchana. Usibaki ndani ya chombo kukilinda.

14. Sisi wa mwani tufanye nini?

Hili halijibiwi popote, kwa hiyo nalikazia. Shamba linafikika kwa miguu siku za bamvu, maji yakipwa. Kimbunga kikija wakati wa maji mafu, huwezi hata kulifikia. Kwa hiyo taarifa ya kwanza ya mgandamizo ikikukuta ndani ya bamvu, vuna ulicho nacho, hata kama hakijakomaa vizuri, na ubakize mbegu kwenye kamba chache zilizo karibu na nchi kavu. Kamba zilizojaa mwani mzito ndizo zinazong'oa vigingi. Kamba tupu hubaki. Mwani ulioletwa nyumbani uanikwe ndani au chini ya paa, mvua ya maji baridi huuharibu.

Usiende shambani siku ambayo mwamba unanguruma, hata kama maji ni ya kiunoni. Soma swali linalofuata.

15. Ndani ya mwamba ni shwari. Wageni wanaweza kuogelea, au vijana kupanda mawimbi na kucheza na kaiti (tiara ya kuvuta ubao juu ya maji)?

Hapana. Kila wimbi linalovuka mwamba linaingiza maji ndani, na maji hayo lazima yatoke. Yanatokea mlangoni, kwa mkondo ambao mwogeleaji hodari hauwezi. Juu pametulia, chini panavuta. Ukinaswa usipigane nao, ogelea kwa ubavu wa mkondo mpaka utoke, ndipo urudi.

Vijana wa ubao huniambia mawimbi marefu ya kimbunga ndiyo mazuri kuliko yote ya mwaka mzima. Ni kweli ni mazuri. Lakini yanakuja kwa makundi yenye kimya kirefu katikati, unaingia wakati wa kimya na unakutana na kundi ukiwa juu ya matumbawe. Kaiti ndiyo mbaya kabisa: vipindi vya mvua vya swali la 11 huongeza upepo mara mbili ndani ya dakika moja, na mara nne msukumo. Kenya ilipiga marufuku kuogelea na kuvua pwani nzima wakati wa Hidaya, na mimi naona walifanya sawa.

## Hali zisizo za kawaida

16. Upepo ulikuwa mkali, ghafla umekata, anga limefunguka. Tutoke?

Msitoke. Huenda mko ndani ya jicho, ile sehemu tulivu ya katikati ya kimbunga. Baada ya dakika chache au hata saa nzima upepo hurudi kutoka upande wa pili, na kilicholegezwa na upepo wa kwanza kinang'oka.

17. TMA imetangaza kimepoteza nguvu. Kesho asubuhi naenda kuvua?

Tangazo hilo linahusu upepo wa kitovu. Mawimbi yaliyokwisha zaliwa bado yako njiani kwa siku moja au mbili (swali la 1), na mvua inaendelea. Subiri mwamba unyamaze, maji yasafike, na uione mwenyewe njia ya mlango wakati wa kupwa, kwani mchanga huhama.

18. Mwaka 2021 walitangaza Jobo, tukajifungia, hakikuja kitu. Kwa nini tuhangaike tena?

Jobo ilikuja. Ilidhoofika kabla ya kufika pwani ya Dar es Salaam, kama vimbunga vingi vinavyokaribia Ikweta. Zaidi kidogo ya wiki mbili baada ya Hidaya ilipita Ialy, nayo ikabaki baharini. Gharama ya kujiandaa bure ni siku mbili za kazi na mgongo unaouma. Kwa anayeishi kwa samaki wa siku si gharama ndogo, na sipendi inapochekwa. Kamati za wavuvi zinaweza kuweka akiba ya siku za kufunga bahari. Kwetu tumeanza na mchele na mafuta ya kula.

19. Hakuna kimbunga chochote kilichotangazwa, lakini bahari imechafuka vibaya. Inakuwaje?

Kusi peke yake inatosha. Tarehe 18 Julai 2012, mwezi ulio nje ya msimu wa vimbunga, boti ya abiria MV Skagit ilizama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam, kwa upepo mkali na mawimbi makubwa. Majibu ya swali la 6, la 12 na la 15 yanatumika mwaka mzima, hasa Juni hadi Agosti, na angalizo la siku hizo husomwa kwa uzito ule ule.